Ukingo Nilioukata Kwenye Chuo cha Khawaja

Al-Yahmadi, Ibra,
Sharqiya Kaskazini,
Oman.

Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa Babu Adham,

Shikamoo. Hiyo ni yangu. Ya pili ni shikamoo ya dada yako Ghaniya, ambaye ameniamuru niiandike mbali na yangu zisije zikachanganyika. Nami, kwa kuwa Bibi ni mke wangu tangu siku niliyozaliwa, na wewe ni kaka yake, basi wewe ni shemeji yangu, na shemeji namwandikia ninavyotaka.

U hali gani huko Unguja? Kifua kimeacha kukukereketa? Na lile goti, bado linajua mvua kabla ya redio? Simu tumejaribu mara tatu. Wewe unasema "nani?", mimi nasema "Luay", wewe unasema "nani?", mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe mimi nani. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Barua anaileta Aliya, jirani yetu, atakaa kwenu wiki mbili. Jibu umpe yeye mkononi, usimpe mtu wa posta.

Bibi hali yake si mbaya na si nzuri. Miguu inajaa maji, akipanda ngazi tatu anakaa. Daktari kasema moyo umechoka. Bibi kamjibu, na wewe ungechoka ukipiga kazi miaka themanini na tatu bila ya likizo. Anakula kidogo, anasali amekaa, anatutukana kama kawaida, kwa hiyo tunashukuru.

Mimi mzima, ila taabani. Si uchovu wa kubeba matofali. Ni uchovu wa macho na shingo, na wa kitu kingine nitakachokueleza huko chini. Usiruke ukakisome kwanza, nakujua.

Skuli, kama ulivyosikia, niliiacha darasa la kumi na moja. Tuliachana kwa wema, kila mmoja alishamchoka mwenzake. Sasa nipo matbaa ya Ustadh Mahrous, hapa hapa Ibra. Tunachapa kadi za harusi, mabango ya maduka, madaftari ya risiti. Na wallahi, Babu, Sharqiya nzima hakuna mtu anayekata karatasi zikanyooka kama mimi. Rundo la kadi mia tano nalitia kwenye mashine, kisu kinashuka mara moja, ukipitisha kidole pembeni utadhani kioo. Liweke kichwani hilo, maana ndilo lililonitia matatani.

Sasa nisikilize. Unakikumbuka chuo, yaani kile kitabu, cha Khawaja Harun? Najua unakikumbuka, lakini nakueleza ninavyokijua mimi, upate kuona pengo langu liko wapi. Khawaja alikuwa Myahudi wa Aden, fundi wa saa, jirani yenu pale Malindi. Alipohama, wewe ukiwa na miaka kumi na Bibi mitano, alimwachia baba yenu marehemu, Sheikh Turki, kitabu chake cha sala kilichopigwa chapa kwa Kiebrania, akasema atakirudia. Hakukirudia. Baba yenu akamkabidhi Bibi, Bibi akaja nacho Oman ndani ya mto wa sufi. Tangu hapo kipo juu ya kabati kimefungwa kanga. Hakiwekwi pamoja na misahafu, na sakafuni hakiwekwi. Kila Shaaban kinateremshwa, kinafukizwa udi, kinarudi. Nyumba nzima hakuna aliyejua hata herufi moja ya ndani. Amana tu.

Mwaka huu joto lilipomlaza Bibi, akaniita akasema hataki kufa na kitu cha watu juu ya kabati lake. Kirudishwe kwa wenyewe, popote walipo. Ila jalada lilikuwa limeachia, na kurudisha amana imechakaa aliona aibu. Akaniambia nikipeleke matbaa kitiwe jalada jipya.

Ustadh Mahrous alikitazama, akasema tutie jalada tu, humo ndani tusiguse. Nikamwambia sawa. Kisha akaenda kusali adhuhuri.

Babu, kingo zake zilikuwa zimechanika kama kamba ya zamani, manjano, nyingine zimetoboka. Nikasema nampa Bibi kitabu kipya, si jalada jipya tu. Nikakitia kwenye mashine. Nikakata juu, chini, na pembeni, upana wa nusu ya ukucha. Nikakata na mgongo, kama tunavyofanya kwa madaftari, nikitia gundi kishike vizuri. Karatasi zikawa moja moja, nikaziangusha, nikaziokota, nikazipanga nilivyodhani, nikazitia gundi na jalada jipya. Kingo nilizokata zikaingia kwenye gunia la takataka za karatasi. Kazi yote haikuchukua muda wa sala. Nikakipeleka nyumbani nikijisifu mpaka mlangoni. Bibi akakipokea, akapitisha vidole pembeni, akasema ahsante, akakiweka.

Nilivyokuwa bingwa, nikaongeza ubingwa. Nikapiga picha ukurasa wa mwanzo, simu ikanisomea neno moja kubwa: Amsterdam. Basi, kila aliyeingia barazani kunywa kahawa nilimwambia, tuna kitabu cha Amsterdam, cha Uholanzi, cha mamia ya miaka. Nikawa msomi. Watu wawili watatu wakaanza maneno, kwa nini kuhangaikia kitabu cha Yahudi zama hizi. Bibi alikuwa ndani, akajibu kupitia pazia:

"Mwenyewe aliweka kwetu. Hakuuliza zama."

Wakanywa kahawa yao.

Yupo mwanamke mmoja Nizwa, Ustadha Manar, kazi yake kutibu vitabu vya zamani, na Kiebrania alikisoma alipokuwa ng'ambo akijifunza kazi hiyo. Tukampelekea. Alikifungua, akakifunga, akakitazama pembeni kama daktari anayetazama jicho la mgonjwa. Akauliza nani kakata. Nikasema kilikuwa hivyo hivyo. Akanitazama mikono, kisha uso. Mimi nimepigwa bakora na walimu saba, Babu, hakuna iliyouma kama kutazamwa na yule mwanamke.

Amsterdam yangu nayo haikuishi dakika mbili. Alinionesha kwa ncha ya penseli, juu ya lile neno kubwa kuna maneno madogo kama mchanga: "kwa herufi za". Yaani kimechapwa kwa herufi za mtindo wa Amsterdam. Zamani herufi za huko zilisifika kwa uzuri, basi wachapaji wa miji mingine wakaandika jina la mji kubwa na ukweli mdogo. Ni kama sisi tunavyoandika "halwa ya Nizwa" dukani Ibra. Chetu kimechapwa Livorno, Italia, miaka mia moja na themanini iliyopita.

Akanieleza mengine, nami nikatulia, nadra kwangu. Miaka mia tano nyuma vitabu vyao vikubwa vilichapwa Venisi, na wenye matbaa walikuwa Wakristo, kwa sababu Myahudi hakuruhusiwa kumiliki matbaa. Wakubwa wa kanisa wakapeleka watu kuvisoma na kupitisha wino mweusi juu ya wasiyoyapenda. Kuna wakati walivichoma uwanjani. Kazi ikahamia Amsterdam, ikahamia Livorno, na Livorno ndiyo ikawa inawachapia Mayahudi wa nchi za Waarabu, kutoka Maghrib mpaka Baghdad na Aden. Baadaye wenyewe wakafungua matbaa zao Baghdad, Bombay, Kalkuta. Kitabu kile kile cha sala, kila mji na kurasa zake. Kikichakaa hawakitupi, wanakizika kama maiti. Nikasema na sisi misahafu iliyochakaa hatuitupi. Akasema ndiyo, watu wanaoheshimu maandishi hawapendi kisu. 

Karatasi zangu zilikuwa zimevurugika, na nambari nilizikata. Kwa hiyo ilitakiwa tupate kitabu kingine cha chapa ile ile, tukipange chetu kwa kukifuata. Mimi nikapata kimoja kwenye simu, nikamwambia Ustadha apumzike, kazi nimeimaliza. Siku nne nimepanga. Siku ya nne nikagundua ukurasa wa kile unaanzia katikati ya ukurasa wa chetu, na hakuna hata mmoja unaolingana mpaka mwisho. Kilikuwa cha Venisi. Nikapangua karatasi mia moja themanini na sita, nikaanza upya. Ustadha aliandikia maktaba moja ya mbali, wakaleta picha za cha Livorno, na hapo kila mstari ukakaa mahali pake, neno chini ya neno. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Kilichopigwa chapa kipo kwingine, ukikipoteza unakipata. Lakini pembeni mwa karatasi zetu kuna mkono wa mtu, na huo upo hapa tu.

Khawaja alikuwa akiandika pambizoni. Kiarabu cha Aden, lakini kwa herufi zao, kama Bibi anavyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Siku walizozaliwa watoto wake, siku aliyofungua duka, mvua kubwa ya mwaka fulani. Ustadha alinisomea, na kila mstari wa mwisho haukuwa na mwisho. Ulikuwa umekatwa.

Hapo nikasema ukweli. Nimekata mimi. Akasema: "Najua. Kingo za mashine zinang'aa. Vipande viko wapi?"

Kwetu magunia ya vipande hatuyatupi. Kuna mtu wa Bahla huja kuyachukua kupakia vyungu visivunjike safarini. Gunia langu alishalichukua. Nikaomba gari la Ustadh Mahrous, nikapewa pamoja na matusi, nikenda Bahla. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Mwenye vyungu akanionesha ghala na magunia kumi na moja. Nikayamwaga yote, nikakaa chini nikichambua, kadi za harusi za watu, risiti za samaki, na katikati yake, nyuzi za karatasi ya manjano. Nilirudi mara tatu. Lakini shehena moja ilikuwa imeshaondoka na wateja. Pengine kuna mtu Ulaya sasa hivi kafungua chungu chake, kakunja vipande vilivyokizunguka, katupa.

Wiki tano, Babu. Kila Ijumaa na Jumamosi nipo Nizwa, siku nyingine nikitoka kazini nipo mezani kwa Bibi, kibano mkononi na gundi ya wanga. Vipande vyote vinafanana. Kilichonisaidia ni mdudu. Kuna kidudu kilitoboa chuo kile tangu mwanzo mpaka mwisho, na tundu lake linasogea kidogo kidogo karatasi hadi karatasi. Nikawa namfuata yeye. Tundu la kipande likikutana na nusu ya tundu la karatasi, nimefika. Shingo imekuwa ya kobe. Macho nikiyafumba naona manjano. Zamani nilikuwa nasema hakuna anayekata kama mimi. Sasa nasema hakuna anayebandika kama mimi, na hiyo, wallahi, si raha hata kuisema.

Karibu vyote vimerudi. Pambizo zilizobaki wazi ni kama ishirini, na nyingi hazikuwa na maandishi. Moja inayo. Hiyo moja ndiyo sababu ya barua hii.

Karibu na mwisho, kwenye sala za maiti, Khawaja kaandika kwa urefu wa karatasi, kutoka juu kwenda chini. Ustadha kaisoma mara mbili. Inasema: "Binti yangu Saada, wa miaka sita, amefariki kwa homa. Nakiacha kitabu hiki karibu naye, mikononi mwa jirani yangu Turki. Kaburi lake lipo". Basi. Mstari unaofuata ulikuwa ukingoni kabisa, na ukingo ule uko na vyungu.

Nami nilidhani miaka yote kaacha kitabu kwa sababu mizigo ilikuwa mingi.

Ile maktaba ya mbali iliulizia watu wa Aden, mwanawe wa mwisho akapatikana. Yupo London, umri miaka sabini na sita, alizaliwa baada ya wao kuhama. Tukamwandikia kuwa amana ya baba yake ipo. Jibu lake halikuuliza kitabu kimechapwa wapi wala kina hali gani. Kauliza dada yake kazikwa wapi. Kasema mama yao mpaka anakufa alikuwa akimtaja mtoto aliyebaki Unguja, baba hakutaka azungumzwe, na wote wawili wamekufa bila ya kumwambia mtu mahali. Anataka aje asimame pale mara moja, kabla miguu haijamgomea. Kitabu, kasema, tukitaka tukae nacho.

Mahali palikuwa pameandikwa. Miaka sabini na saba palikaa pameandikwa mikononi mwetu, mpaka nilipokuja mimi na kisu changu.

Nikaenda kumwambia Bibi. Nilikuwa nimetayarisha maneno, mengine ya kuchekesha. Nikamwambia tu, nimekikata. Alikuwa anamenya vitunguu thomu, hakuacha.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Kingo zile vidole vyangu vinazijua tangu mimi msichana. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza. Akasema alikuwa amechoka, na aliona mimi nitachoka zaidi.

Nikamuuliza kaburi. Anamkumbuka Saada, walicheza pamoja, alikuwa na nywele nyekundu na hakupenda kushindwa. Kaburi halijui, watoto wa kike hawakupelekwa. Anachokumbuka ni kwamba halikuwa makaburini kwetu wala kwa Wazungu. Baba yenu alimwombea Khawaja pembe ya shamba la mtu. Wakaenda wanaume wachache, na wewe ulikwenda, ulibeba ndoo ya maji. Ulirudi na udongo mwekundu mpaka magotini, na siku mbili hukula. Kisha Bibi akasema, "Mwandikie kaka yangu. Na usijipambe. Mwambie ulivyofanya, ndipo umuombe."

Nimekwambia, Babu. Sasa nakuomba. Walioshuhudia wamekwisha wote, umebaki wewe. Mtoto yule alizikwa wapi? Shamba la nani, upande gani wa njia, kulikuwa na kisima, mnazi, ukuta? Pengine leo pamejengwa nyumba juu yake, au karakana ya magari. Hata hivyo tuambie. Mwambie Hood, mwanao, akupeleke kwa gari, ukatazame kwa macho yako, taratibu, asubuhi kukiwa baridi. Mimi ningekuja, lakini Bibi simwachi mwezi huu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili nyembamba kama utando wa kitunguu. Kanipa Ustadha Manar, na nimezikata mimi, kwa mkasi, polepole. Urefu wake ni wa lile pengo, upana ni njiti mbili za kibiriti. Ustadha kakubali kuwa kilichopotea hakiigizwi. Kitabandikwa kipya, na kitajulikana kuwa ni kipya, kwa mkono wa mtu aliyekuwepo. Andika mahali hapo, wewe mwenyewe, si Hood, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa. Herufi zako ni kubwa kama za bango, najua, ndiyo maana nimetia mbili.

Na Babu, kama hukumbuki, usitunge kitu ili kutufurahisha. Mimi nimetunga vya kutosha mwaka huu kwa sote. Rudisha karatasi ile tupu. Nitaibandika tupu hivyo hivyo, na yule mzee wa London nitamwandikia mimi kwa nini ipo tupu.

Nisalimie Hood na mkewe Shurooq, na watoto wote. Mwambie jirani yenu Bi Ghada kahawa yake ilifika na ikaisha siku ile ile. Huku wanakusalimu Ustadh Mahrous, ambaye hajanirudishia ufunguo wa mashine, na wadogo zangu Laith na Aseel, na Bibi tena, kwa mara ya tatu, nimeacha kuhesabu.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kukufikisha, akusamehe yako na anisamehe yangu, na atukutanishe sote kabla uchovu huu haujatushinda.

Ni mimi, mjukuu wako na shemeji yako, ninayekupenda hata utakaponikasirikia,

Luay